Fundi wa Makochi Ndani ya Cessna ya Mwaka 1966

Kwa miaka 23 nimekuwa nikishona viti: vya matatu, vya teksi, makochi ya hoteli za pwani, mito ya mashua za watalii, na mara moja kiti cha daktari wa meno. Karakana yangu iko Majengo, Mombasa, na niliirithi kutoka kwa marehemu ami yangu pamoja na cherehani mbili za ngozi na nyundo yenye kichwa cha sumaku, ambayo nitaitaja tena huko mbele kwa sababu iliniletea aibu. Kwa hiyo rubani mmoja mkazi wa Diani aliponipigia simu kuniuliza kama ningeweza kumtengenezea upya ndani ya ndege yake ndogo, nilimuuliza viti ni vingapi, nikapiga hesabu kichwani na kumtajia bei papo hapo. Alicheka kidogo. "Fundi," akasema, "vuka feri uje uione kwanza, kisha uzungumze na Injinia, halafu ndipo tuongee bei."

Ndege yenyewe ni Cessna 172 ya mwaka 1966, na makao yake ni uwanja mdogo wa Ukunda. Aina hii ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani, kwani tangu 1956 zimeshatoka zaidi ya 44,000, na kwa vile kiwanda kilisimamisha kuziunda kuanzia 1986 hadi 1996, nyingi zinazoruka leo zina umri wa watu wenye wajukuu. Bawa liko juu, milango ni miwili, viti viwili vya mbele husogea kwenye reli, na nyuma pana benchi moja. Nilipofungua mlango nilipokewa na harufu ya zulia lililokaa na unyevu. Kitambaa cha dari kilikuwa kimeachia upande mmoja na kuning'inia kama chandarua kilichokatika kamba. Sponji ya kiti cha rubani ilikuwa imegeuka unga wa rangi ya bizari, uliomwagika kila mtu alipokigusa kiti. Na paneli za plastiki za milangoni zilikuwa na nyufa ambazo mtu fulani, zamani sana, alizibandika kwa utepe wa karatasi na kuzipaka rangi juu yake.

Nikasema kimoyomoyo kwamba hii ni kazi ya siku nne. Ilichukua wiki 11.

Injinia ni mtu mzima, mpole wa maneno, mwenye leseni ya kutengeneza ndege, na ndiye ambaye sahihi yake ilitakiwa daftarini kabla ndege haijaruka tena. Alinieleza tangu mwanzo kwamba mimi ningeshona, lakini kila kitakachotoka na kila kitakachoingia lazima kipite mikononi mwake. Kisha akaleta mizani. Nilidhani ni ya kupimia mizigo ya abiria, kumbe ilikuwa ya kunipimia mimi kazi yangu. Kiti cha mbele kilipotoka, kabla hakijagusa sakafu, kiliwekwa juu ya mizani na kuandikwa: kilo 6.4. Benchi la nyuma, kilo 10.6. Zulia, dari, paneli, hata lile rundo la unga wa sponji nililolifagia kwa mkono, vyote vilipimwa na kuandikwa katika safu ya vilivyotoka. Kiti cha abiria mmoja cha matatu, ninachokibeba begani kila siku, ni kizito zaidi ya mara mbili ya kile cha rubani, na sikuwahi kujiuliza kwa nini iwe hivyo.

Hesabu aliyonionyesha ni rahisi, na inatisha kidogo. Ndege hii hairuhusiwi kupaa ikiwa na uzito unaozidi ratili 2,300, yaani kama kilo 1,043. Hii yetu ikiwa tupu ina kilo 598. Matangi yakijaa, mafuta hula zaidi ya kilo 100 nyingine. Kinachobaki ni watu wazima wanne wasio wanene na mfuko mmoja mdogo, basi. Fundi akiongeza kilo tano za sponji na ngozi nene, amemnyang'anya abiria mfuko wake. Na akiziongeza zote kwenye benchi la nyuma, amesogeza pia kitovu cha uzito kuelekea mkiani, jambo ambalo rubani hulihisi katika usukani. Katika biashara yangu mteja hubonyeza kiti kwa kiganja, na kikimjaa mkono ndipo hutoa pesa. Nimezoea kuongeza tabaka moja la sponji ili kumfurahisha mtu. Hapo nilitakiwa kuyasahau mazoea ya miaka 23 kabla ya chakula cha mchana.

Tulifumua kwa siku tatu. Kila skrubu iliingia katika kikopo cha mtindi kilichooshwa, chenye karatasi inayotaja tundu ilikotoka, kwa sababu skrubu za ndege hii hazina urefu mmoja na Injinia hakutaka zichanganywe. Kwenye gari huwa ninazimwaga zote katika sinia moja na kuchagua baadaye. Nilipomwambia hivyo alinitazama tu.

Nyuma ya paneli ndiko ilikokuwa kazi halisi, wala haikuwa ya kushona. Kiwandani walijaza faibaglasi kati ya paneli na bati la mwili wa ndege ili kupunguza kelele na joto. Faibaglasi hiyo ilikuwa imenyonya maji ya mvua yaliyopenya kwenye mipira ya madirisha iliyokauka, na upepo wa Diani ukaongeza chumvi, na panya wakaongeza kiota na mikojo yao. Tulipoivua, bati chini yake lilikuwa na madoa ya unga mweupe. Mtu wa magari hutafuta kutu nyekundu. Aluminiamu haina kutu nyekundu, huoza kwa unga mweupe kama chokaa, na ukiukwangua unakuta vishimo vidogo. Mengi ya madoa yetu yalikuwa ya juujuu. Moja, karibu na sakafu chini ya dirisha la nyuma, lilikuwa la kina kiasi kwamba Injinia alikata kipande cha bati na kuweka kiraka cha ribiti. Kapteni, yule rubani mwenye ndege, alisimama pembeni akitazama shughuli ile bila kusema neno, kwani miezi miwili kabla alikuwa amefikiria kununua tu vifuniko vya viti na kuviweka juu ya hali ile ile.

Nilichukua stilwulu nisaidie kusafisha madoa. Injinia akaniomba niirudishe mfukoni upesi: nyuzi za chuma huvunjika na kujikita ndani ya aluminiamu, na pale zilipokita ndipo kutu mpya huanzia. Tulitumia brashi za nailoni, dawa ya kula kutu, maji mengi, kisha praima ya kijani kibichi iliyochanganyika na manjano, na tukaiacha ikauke siku mbili mlango ukiwa wazi.

Chini ya sakafu tulikuta sarafu mbili za shilingi kumi, kibanio cha nywele, kalamu, korosho zilizokauka, mchanga wa kutosha kujaza kikombe, na bisibisi fupi ambayo hakuna aliyeikubali kuwa yake. Mimi nilicheka. Injinia alimulika tochi akanionyesha mahali bisibisi ilipokuwa imelala, kama shubiri moja kutoka kwenye kapi inayopitisha waya wa kwenda mkiani. Kitu kigumu kikidondokea kati ya waya na kapi, usukani hukwama, na rubani hawezi kusimama kando ya barabara akafungua boneti. Tangu siku hiyo kila jioni tulihesabu vifaa vyetu kimoja kimoja, hata sindano. Sindano zangu zilizopinda za kushonea sponji ni saba. Siku moja zilipatikana sita, na tulikaa hadi baada ya magharibi tukiitafuta ya saba, ambayo ilikuwa imechomeka katika kola ya shati langu.

Kuhusu reli za viti nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu ndilo jambo ambalo mwenye ndege ya aina hii asipolijua, mapambo yote hayana maana. Kiti cha mbele hushikwa na pini ya chuma inayotumbukia katika tundu mojawapo kati ya matundu yaliyopangwa kwenye reli. Mwaka baada ya mwaka pini hula kingo za tundu, na tundu la duara huwa na umbo la yai, kisha pini haikai tena barabara. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la kuzikagua reli hizi mwaka 1987 na kulitoa upya mwaka 2011. Kiti kisichoshikwa vizuri kinaweza kurudi nyuma ghafla wakati ndege inapopaa. Rubani, ambaye mikono yake imeshika usukani, huuvuta pamoja naye bila kukusudia, pua ya ndege huinuka, na mwendo humalizika huku ardhi ikiwa bado karibu mno. Watu wamekufa hivyo. Katika reli zetu nne, mbili zilikuwa na matundu yaliyolika kupita kipimo, na yale yaliyolika zaidi ni matatu yanayolingana na urefu wa miguu ya Kapteni. Ziliagizwa mpya. Wakati wa kuzisubiri, nilivua magurudumu ya viti, nikasafisha mchanga ulioganda na mafuta, na kugundua kwamba springi ya pini ya kiti cha kulia ilikuwa imelegea kama lastiki ya soksi kuukuu. Nayo ikaagizwa.

Sasa nije kwenye kitambaa na sponji, mahali nilipodhani ningekuwa mwalimu.

Nilileta Ukunda vipande vya kila nilichokuwa nacho: reksini ya matatu, velveti ya makochi, sponji nyeupe ya magodoro, na ile ya kijivu ngumu kidogo ninayoiuza kwa bei ya juu. Injinia alivipanga nje ya hanga, yaani banda la ndege, akavitundika kimoja kimoja kwenye waya, akawasha kibiriti cha gesi na kukishikilia chini ya kila kipande huku akihesabu hadi 12. Reksini ilishika moto mara moja, ikajikunja na kudondosha matone yaliyoendelea kuwaka juu ya saruji, na moshi wake mweusi ulitufukuza. Sponji ya godoro haikuungua kama kitambaa. Iliyeyuka ikikimbia moto, kisha ikawaka yote kwa pamoja. Moshi wa sponji ya aina hiyo hubeba kaboni monoksaidi na sianidi, na katika chumba chenye ukubwa wa teksi, angani, mtu hana muda wa kuukimbia. Nimeuza sponji hiyo maisha yangu yote ya kazi. Nilivuka feri jioni ile nikiwa kimya.

Kipimo kamili, kama kinavyotumika kwa vitambaa vya viti vya ndege kubwa za abiria, huenda hivi: kipande hutundikwa wima, moto wa gesi huwekwa chini yake kwa sekunde 12 na kuondolewa, baada ya hapo mwali uzimike wenyewe ndani ya sekunde 15, sehemu iliyoungua isizidi inchi 8, na matone yanayodondoka yasiwake zaidi ya sekunde 5. Ndege ndogo za zamani kama hii ziliidhinishwa chini ya kanuni za Marekani zilizoitwa CAR 3, ambazo madai yake kuhusu moto ni mepesi kuliko hayo, na wapo wanaoutumia wepesi huo kama ruhusa ya kwenda dukani kununua chochote. Injinia wetu hakutaka kusikia habari hizo. Alidai kitambaa chenye cheti cha kipimo, na cheti kitaje namba ya robota lile lile kilikokatwa kitambaa, kwa kuwa dawa ya kuzuia moto hutiwa robota kwa robota. Tena vitambaa vingine dawa yake huondoka vikifuliwa, kwa hiyo maagizo ya usafishaji ni sehemu ya cheti. Alitaka pia kujua gundi ni ipi, maana sponji nzuri na kitambaa kizuri vinaweza kufeli pamoja iwapo gundi iliyo kati yao inawaka.

Hatimaye tuliagiza kutoka Marekani kitambaa cha sufu iliyochanganywa na nailoni kwa sehemu ya kukalia, ngozi nyembamba iliyotiwa dawa kwa pembeni, na zulia la sufu. Sufu ya kondoo ina tabia njema: haishiki moto upesi, na ikishika huwa mkaa na kuzimika yenyewe. Rangi niliyoipendekeza mimi ni ya mchanga, na hapo walinisikiliza, kwa kuwa ngozi nyeusi ndani ya ndege iliyoegeshwa juani Ukunda saa saba mchana ni kikaango. Mzigo ulikaa bandarini na katika makaratasi ya forodha kwa wiki tatu na nusu. Sina la kusema kuhusu wiki hizo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuagiza kitu hajalisema.

Sponji ilihitaji akili zaidi kuliko nilivyotarajia. Kiti cha zamani kilikuwa kimebonyea, na Kapteni kwa miaka alikuwa akikalia mto aliouleta kutoka nyumbani. Nilitaka kumjengea kiti kirefu, akatae mto. Lakini urefu wa kiti cha rubani huamua jicho lake liko wapi: akiinuka mno, kichwa hukaribia dari na paja hugusana na usukani anapouvuta hadi mwisho, akishuka mno, haioni njia ya kutua. Vilevile sponji laini sana si rafiki wakati wa ajali, kwa sababu mtu huzama, hugonga chuma cha chini na mgongo hupokea pigo lote. Tulitumia tabaka mbili, ngumu chini na nyororo juu, zote za aina ya ndege, na kabla sijashona chochote Kapteni alikalia sponji tupu, akafunga mkanda, akavuta usukani hadi tumboni, akageuza kushoto na kulia, nami nikiwa nimepiga magoti sakafuni nikitazama nafasi iliyobaki juu ya paja lake. Nilipunguza sentimita moja na nusu. Kisha nikapunguza nusu nyingine.

Mikanda nilitaka kuishona mwenyewe. Utepe wake ninao na cherehani yangu inaweza. Nilikatazwa hata kuifungua. Mkanda wa ndege hubeba lebo inayoonyesha kiwango ulichoidhinishiwa, na fundi asiye na kibali akitia sindano, lebo hiyo haina maana tena. Ilinunuliwa seti nzima, pamoja na mikanda ya mabegani, ambayo ndege nyingi za miaka ile hazikutoka nayo kiwandani.

Paneli za plastiki zilinipa raha. Ni plastiki nyembamba ambayo jua la miaka hamsini na kitu limeifanya ivunjike kama papadi. Dawa yake ni ya bei nafuu: unachukua vipande vilivyovunjika vya plastiki ile ile, unavilowesha katika asetoni usiku kucha, na asubuhi una uji mzito wa rangi ile ile. Unatoboa tundu dogo mwisho wa kila ufa ili usiendelee, unapaka uji kwa upande wa nyuma, unalaza kitambaa cha faibaglasi, unapaka tena. Ukikauka, unapiga msasa upande wa mbele na kupaka rangi. Paneli moja ya mlango ilikuwa vipande tisa. Niliipanga juu ya meza kama mtoto anayecheza na picha ya kuunganisha, na leo ukiambiwa utafute mishono yake utahitaji miwani.

Ni katika kurudisha paneli hizo nilipokaribia kuharibu kila kitu. Kipande kinachofunika nguzo ya mlango kilikuwa kimenenepa kidogo kwa ajili ya faibaglasi ya nyuma, na skrubu ya zamani haikufika. Nikachukua ndefu zaidi, kama ambavyo fundi yeyote angefanya, nikaanza kuikaza. Injinia alisikia sauti ya bisibisi ikizunguka zaidi ya kawaida, akaja mbio na kunishika mkono. Katika ndege ya bawa la juu mafuta hushuka kutoka matangini kuja kwenye swichi ya sakafuni, na bomba zake za aluminiamu hupita ndani ya nguzo za milango, pamoja na nyaya za umeme. Tuliifungua paneli tukapima: ncha ya skrubu ilikuwa imebakiza kama unene wa kadi mbili za simu kufika kwenye bomba. Isingelitoboa siku hiyo. Ingeligusa, na mtetemo wa injini ungelikwangua taratibu, safari baada ya safari, hadi Kapteni anuse petroli akiwa juu ya bahari. Nilipunguza unene wa kipande kwa msasa mpaka skrubu ya zamani ikafika. Vile vikopo vya mtindi nikaviheshimu.

Dari ilikuwa mtihani wa ushonaji hasa. Kitambaa hushonwa vijia kadhaa vya kupitishia nyaya ngumu zilizopinda kama upinde. Kila upinde una nafasi yake na kimo chake, na kingo hushikwa na meno madogo ya bati pembeni. Ukianza nyuma ukienda mbele unakuta mkunjo kwenye kioo. Ukianza mbele unaukuta nyuma. Nilianza katikati. Juu ya kitambaa hicho hupita waya za kuendeshea mabawa, kwa hiyo Injinia alisogeza usukani mwanzo hadi mwisho huku mimi nikiwa nimebandika sikio darini, kuhakikisha hakuna uzi unaogusa waya. Nilifumua mara mbili. Mara ya tatu ilikaa ikiwa imenyooka kama shuka la hoteli.

Ile nyundo ya sumaku sasa. Washonaji wa makochi huipenda kwa sababu hushika msumari kwenye kichwa chake na kukuachia mkono mmoja wa kuvuta kitambaa. Niliitumia kugongagonga ukanda wa kufunika ukingo wa juu wa kioo cha mbele, na kuchukulia skrubu ndogo nilizozifunga hapo. Ndege ilipozungushwa uwanjani kuelekezwa pande zote ili dira ilinganishwe, dira, ambayo hukaa pale pale katikati ya kioo, ilikuwa imepotoka nyuzi 12 upande mmoja. Walishuku redio. Walishuku spika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nikinywa chai, nikaitazama nyundo yangu mkononi, na nikahisi masikio yakipata moto. Skrubu nne za chuma zilizoshikwa na sumaku zilitolewa, zikawekwa za shaba, na dira ikarudi mahali pake. Kadi yake ya masahihisho iliandikwa upya na kubandikwa. Nyundo hairuhusiwi tena kuvuka mlango wa hanga, na Injinia huniulizia habari zake kila tunapokutana, kama mtu anayeulizia mtoto mtundu.

Siku ya mwisho ya hanga ilikuwa ya makaratasi na mizani. Vibandiko vyote vya maonyo, vya mafuta, vya mlango na vya kutovuta sigara vilirudishwa kimoja kimoja kwa kufuata orodha ya kitabu cha ndege. Vyeti vya moto viliambatishwa kwenye daftari pamoja na vipande vidogo vya kitambaa. Safu ya vilivyotoka ilijumlishwa: kilo 47.2. Vilivyoingia: kilo 45.8, hata baada ya mikanda ya mabegani, kwa kuwa faibaglasi iliyojaa maji ilibadilishwa na povu jepesi lisilonyonya. Injinia hakuridhika na hesabu ya karatasi, akaipandisha ndege yote juu ya mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, na namba zilipokubaliana akatia sahihi. Nakiri kwamba kilo moja na gramu mia nne zile zimenipa fahari kuliko mshono wowote.

Baada ya Kapteni kuijaribu peke yake, alinichukua. Nilikaa nyuma, juu ya benchi langu, nikakisikia kiti chake kikisogea mbele na pini ikiingia tunduni kwa mlio mkavu, kisha akakisukuma kwa mgongo mara mbili kuhakikisha. Tulipanda juu ya Diani, bahari kama sahani ya bluu, lakini mimi nilikuwa nikitazama juu. Kila injini ilipopunguzwa, dari ilitoa mlio mdogo, tik, tik, tik, juu ya sikio langu la kulia. Waya wa upinde wa tatu ulikuwa ukigusa ukingo wa bati.

Tulipotua nilifungua kona ile, nikakata kipande cha kitambaa cha sufu kilichobaki, upana wa kidole, nikakizungushia mwisho wa waya. Kabla sijakiingiza, Injinia alinyoosha mkono bila kusema kitu. Nikampa. Akakiweka kwenye mizani ndogo ya vito aliyoitoa droo ya chini, akainama kusoma, akaandika daftarini: gramu 3.